Mkunga Aliyeacha Kula

Hii sikuhadithiwa. Niliiona kwa macho haya mawili, na ningekuwa na la tatu lingeona pia. Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye shamba la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Shule niliiacha darasa la tano, shule yenyewe ikalia wiki nzima. Lakini mikunga nawajua. Wanaletwa wachanga kutoka mdomo wa mto, wembamba kama uzi, unawaona mpaka utumbo. Shambani hawazai hata uwabembeleze vipi. Akikomaa mmoja anaacha kula, tumbo linang'aa kama bati jipya, macho yanatanuka. Anataka bahari. Akifika huko anazaa mara moja, anakufa.

Kwetu, aliyeacha kula anaopolewa siku hiyo hiyo, anapelekwa sokoni.

Jioni moja mlishaji wetu alikwenda tangi la nne na ndoo yake ya chakula. Mumewe, fundi pampu, alifia humo humo. Waya ulimpiga shoti akiwa ndani ya maji. Ilikuwa siku ya thelathini na mbili tu tangu tumzike.

Mikunga wakaja juu, wakachemka. Mmoja hakuja. Alitulia chini, pale pale fundi alipoangukia, akimtazama. Macho kama vifuniko vya soda. Na hapo napunguza.

Ko... ko, ko.

Mkia kwenye ukuta wa tangi. Fundi alibisha hivyo mlangoni kila akirudi zamu.

"Ni wewe?" mwanamke akanong'ona.

Ko.

Alimwopoa, lakini akamficha kwenye ndoo aende naye nyumbani. Getini niliona ndoo inatikisika. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Akamtia kwenye pipa la uani, akafunika bati, juu akaweka tofali.

Asubuhi tofali lilikuwa mahali pake. Lakini sakafuni kulikuwa na ute. Mstari mmoja, kutoka pipani, chini ya mlango... mpaka kitandani.

Upande wa mume.

Shuka limelowa. Linanuka tope, na sabuni ya marehemu.

Hakuogopa. Alilalia ule unyevu akalia mpaka akachoka. Kila siku akamkatia mkunga minyoo. Hakugusa. Naye mwenyewe akaanza kusukuma sahani pembeni.

Mama mkwe wake, ambaye haoni, akampapasa uso.

"Mwanangu, mbona macho yamekuwa makubwa hivi?"

"Sijalala, mama."

"Kukosa usingizi kunayafinya, hakuyatanui." Akajifuta vidole kwenye kanga. "Mume wako alipita hapa jana. Analalamika."

"Analalamika nini?"

"Anasema maji hayana chumvi."

Habari za pipa hakuna aliyemwambia yule bibi.

Mwanamke akakaa chini taratibu. "Nikimwachia, mama, atakufa mara ya pili."

"Na ukimshikilia mtakufa wawili. Mimi mtaniachia nani?"

Jioni ile alinipitia getini. Nikabeba ndoo mpaka mdomo wa mto, maji yakiwa yanatoka kuelekea baharini. Akaingia hadi magotini, nikainamisha ndoo. Mkunga akajizungusha kwenye mkono wake mara moja. Akalegea. Akaenda. Hatua kumi hivi, akainua kichwa juu ya maji, akageuka, akamtazama. Ndipo akazama.

Tulikaa pale matopeni mpaka tukaacha kuonana nyuso. Nyumbani alikula, kidogo.

Wiki ya pili shuka likalowa tena, upande ule ule. Bibi akaligusa, akalamba kidole.

Chumvi.

Labda ni machozi. Sijui. Macho yake yule mwanamke hayajarudi udogo wake mpaka leo.

Sasa niseme ukweli. Lile la kugeuka nimelitia mimi. Hakugeuka. Alinyoosha moja kwa moja kama mtu aliyechelewa gari. Ila mwenzangu alikuwa ameziba uso kwa viganja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amegeuka?"

Nikamwambia amegeuka.