Bango Lililofunika Tangazo

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nyumba ya Lorna Pascoe ilijaa watu kama kawaida yake. Majirani walikunywa chai, wakala keki, wakamsengenya kasisi mpya. Keziah, binti yake, alikaa pembeni akimbembeleza mtoto. Mwenye nyumba aliyopanga Keziah alikuwa amempa notisi ahame, ili chumba kikodishwe kwa watalii wa kiangazi.

"Usijali, mwanangu," Lorna alisema. "Kule mlimani kuna kampuni inajenga. Wameahidi nyumba za bei nafuu kwa watu wa hapa."

Beryl, jirani aliyewahi kuwa diwani, aliweka kikombe chini. "Kumbe hujasikia? Kampuni inaomba ahadi hiyo ifutwe."

"Wee! Si walitia saini?"

"Walitia. Ndiyo sharti la kibali: ukijenga nyumba za kuuza kwa faida, utoe na sehemu kwa wenye kipato kidogo. Lakini wanaruhusiwa kurudi na kulia kwamba gharama zimepanda. Halmashauri ilifunga tangazo kwenye nguzo ya taa, pale konani."

"Pale? Mbona napita kila siku na sijaona..." Lorna alisema.

"Unachoona ni bango lako la mnada wa kanisa," Beryl alisema. "Ulilifunga juu yake, shoga."

Keziah aligeukia dirisha.

"Basi nimemponza mwanangu," Lorna alisema.

"Kamati ya halmashauri itakayoamua haijakaa bado. Ila msiende kutukana, matusi hayahesabiwi. Kila mtu aiandikie halmashauri, kwa maneno yake, nani hapa hana pa kuishi. Ombeni mtaalamu asiyekuwa wa kampuni akague hesabu zao. Na wakipunguziwa idadi ya nyumba hizo, mkataba useme hesabu zitakaguliwa tena nyumba zikishauzwa. Faida ikizidi, walipe."

"Mdomo ninao," Lorna alisema, akivaa koti. "Miaka yote nimeutumia kwa umbea tu."

Alizunguka mlango kwa mlango, akilowa. Barua zikamiminika. Mtaalamu akaletwa, akakuta kampuni ilikadiria bei za kuuzia chini mno. Kamati ikakataa kufuta ahadi yote, ikaipunguza tu. Nusu ya nyumba za bei nafuu zikabaki, pamoja na sharti la ukaguzi.

Zilipokamilika, Keziah alikuwa ameshahamia mji wa Plymouth, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dobi. Hakuweza kusubiri. Lorna aliwapelekea keki waliopewa funguo, akacheka nao, akarudi nyumbani kulia.

Msimu wa mnada ulipofika tena, alikwenda konani na bango lake. Kwenye nguzo palikuwa na tangazo jipya la halmashauri. Alilisoma lote, mvua ikimchuruzika shingoni. Kisha akafunga bango lake chini yake, akampigia binti yake simu.

"Keziah, wanaomba kibali cha kujenga kwenye shamba lingine. Ndiyo kwanza tangazo limetoka."

Mtoto alisikika akikohoa.

"Nisomee, mama," Keziah alisema. "Pole pole."