Ukuta wa Mita Moja

Saa moja asubuhi, duka la supu ya ng'ombe mbele ya stendi ya mabasi ya mji wa Luoyang, China, lilikuwa limefurika. Wanqiu, binti wa koti la mvua la njano, ndiyo kwanza ameinua kijiko, mara chubwi! Mwiko wa chuma wa kuchimbia ukachomoka kwenye begi la kijana aliyekuwa akipita, ukatumbukia bakulini mwake.

"We kaka, hata supu unaichimba?"

"Samahani, dada. Nilihisi kuna nyama chini."

Supu ilimrukia Wanqiu hadi kwenye nyusi, lakini alicheka. Kijana akamnunulia bakuli jingine. Jina lake Shouyi. Nusu saa baadaye wakajikuta kwenye basi moja, wanafunzi wa vyuo viwili waliotumwa mahali pamoja kujifunza kufukua mabaki ya kale.

Kila mwanafunzi alipewa shimo lake. Kati ya shimo la Wanqiu na la Shouyi uliachwa ukuta wa udongo, unene wake mita moja. Kuugusa ilikuwa marufuku hadi siku ya mwisho, kwani humo ndimo Mwalimu Pang, msimamizi wao, alimosoma tabaka za miaka. Wiki ya pili walikuwa wameshapendana, na Shouyi alishaanza kumpigia Wanqiu simu kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Mbali sana."

"Nina hamu na wewe."

"Chimba huko! Mwalimu anakuja."

Alhamisi moja mdomo wa mtungi ulichungulia ukutani, upande wa Wanqiu. Alimwambia Shouyi peke yake. Alfajiri iliyofuata mvua ikapiga, na kulipokucha pale penye mdomo palikuwa na tundu. Shouyi alisimama mbele ya mwalimu, matope hadi magotini, kipande cha mdomo wa mtungi mkononi.

"Nimeuvunja mimi."

Papo hapo akaondolewa shimoni, akapelekwa maabara kuosha vigae vya vyungu vilivyofukuliwa. Mwalimu akasema huenda akafeli muhula mzima. Jioni simu ya Wanqiu ikaita.

"Wanqiu, nisikilize kwanza..."

"Ulishindwa kungoja? Ulitaka mtungi uwe wako?"

Akakata, akaizima simu, akalia hadi macho yakavimba.

Asubuhi yake alikwenda kukunja turubai lililofunika shimo lake. Yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na namba yake, la pili namba ya Shouyi. Akachungulia ng'ambo: shimo la Shouyi lilikuwa dimbwi, kazi ya wiki tano imegeuka tope. Na ukutani, alama ya kiatu ilikuwa imeteleza kutoka juu hadi kwenye tundu. Alikuwa akifundishwa kusoma udongo kila siku, na huu hakuusoma! Aliona aibu.

Akabeba maturubai yote hadi kwa mwalimu.

"Alikuja kunifunikia shimo, akateleza. Kama ni kufeli, tufeli wote."

Mwalimu Pang alikohoa. "Vigae ataosha hadi tumalize. Lakini hafeli."

Wanqiu alikimbilia maabara.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikata simu."

"Ungepiga tena!"

"Nimepiga mara kumi na moja."

"Nisamehe, mpenzi," Wanqiu akasema, akaingiza mikono kwenye beseni la Shouyi, wakaosha vigae pamoja.

Siku ya mwisho waliubomoa ukuta pamoja, kila mtu upande wake, wakautoa mtungi. Kule maabara, Shouyi alibana mdomo wa mtungi uliovunjika, Wanqiu akashikilia shingo ya mtungi, wakingoja gundi ikauke. Simu ya Wanqiu ikaita mezani. Wanqiu akaibonyeza kwa kiwiko.

"Jumapili unakuja nyumbani peke yako?" mama yake akauliza.

Wanqiu alimtazama Shouyi, mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Hapana, Mama. Ongeza bakuli moja."

Shouyi almanusura auachie mtungi.

"Shika, wewe!" Wanqiu akamkemea huku akicheka. "Shika hapo hapo, usiachie."