Kikombe cha Chai kwa Wifi

Mwashi na mkewe, msusi, walikuwa na binti wa miaka saba. Kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku. Siku hizo Chiriku alimwaga kila alichobeba, na akitembea alishika ukuta.

"Anajifanya," alisema baba. "Hataki kutumwa."

Mama alikuwa na yake moyoni. Kila alasiri mtoto alikwenda kwa wifi wa mama yake, dada wa mwashi, nyumba ya pili. Huko alikunywa chai.

"Akitoka kwa dada yako anayumba kama mlevi," alimwambia mumewe. "Sijui anatiliwa nini."

"Dada yangu hana ubaya."

"Sijamsema yeye. Nasema kikombe chake."

Haya, watu wazima wawili wanashuku, na mtoto hakuna anayemwuliza. Mama akamkataza kwenda. Chiriku akaendelea kuyumba vilevile. Jumamosi mama alikuwa akichovya ncha za rasta za mteja kwenye maji ya moto. Chiriku akapepesuka, nusura atumbukie kwenye beseni. Mama akamdaka.

Walikwenda zahanati. Wifi naye akafuata, bila kuitwa.

"Mtoto anatumia dawa yoyote?" aliuliza tabibu.

"Muulize huyu," mama alisema, akimnyooshea wifi kidole.

"Nampa chai, na kiti akae," wifi alijibu. "Nilimwona anayumba. Na nikimwita kutoka kushoto, hageuki. Nilitaka kukwambia, wifi, lakini ulinifungia mlango."

Mama alitazama chini. Aibu ilimshika.

Tabibu akamgeukia Chiriku. "Ukisikia kizunguzungu, inakuwaje?"

"Anajifanya tu," baba alidakia.

"Baba, mwache ajibu mwenyewe," tabibu alisema.

"Sakafu inainama," Chiriku alisema. "Nilidhani inainama kwa watu wote."

Tabibu aliuliza kama kichwa kinamuuma, anatapika au amewahi kuzimia. Hapana. Alimwambia afuate kidole kwa macho, kisha asimame miguu pamoja na kufumba macho. Chiriku akayumba. Mwisho akamulika masikio yake kwa kurunzi ndogo.

"Fundi, ukijenga ukuta, unajuaje umenyooka?"

"Kwa pima maji."

"Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kama pima maji. Kinauambia mwili uko wima au umeinama. Sikio la kushoto la binti yako limejaa majimaji nyuma ya ngoma yake. Ndiyo maana hasikii vizuri, na anayumba. Mara nyingi hukauka yenyewe, lakini lazima tumpime tena. Yasipokauka, kuna matibabu hospitalini. Msimtie mafuta wala kijiti sikioni. Na akiumwa kichwa sana, akitapika, akizimia au kulegea upande mmoja, mpelekeni hospitali mara moja."

Baba alimvuta Chiriku karibu. Ukuta uliopinda asingeulaumu hata siku moja. Angepima kwanza.

Walirudi kila walipoitwa. Majimaji yakakauka. Chiriku akaanza kugeuka akiitwa kutoka upande wowote, na ukuta akauacha.

Alasiri moja mama alijaza kikombe cha chai hadi juu.

"Mpelekee shangazi yako."

Chiriku alikibeba mpaka nyumba ya pili. Halikudondoka hata tone. Mama alimfuata nyuma, machozi yakimlengalenga.

Wifi alikipokea, akachungulia ndani, akanusa.

"Wifi," alisema, "humu umetia nini?"

"Sukari tu," mama alisema. "Na samahani."

Wifi akanywa yote.