Mashine ya Pili

Haya yalimkuta jamaa yetu Yoeli. Anaishi peke yake Njiro, nyumba kimya mpaka unasikia friji ikinguruma, ndiyo maana akaenda dukani kuchagua mashine ya kupigia muziki wa mtandaoni. Muuzaji akamwekea mbili, ya bei ya wastani na ya bei ya kutisha.

"Jaribu na sauti unayoijua, mzee."

Yoeli akatoa simu. Jumapili alikuwa amekwenda peke yake Nkoaranga, kwenye nyumba ya marehemu mama yake, iliyofungwa mwaka wa tatu sasa, akarekodi mvua ikipiga bati. Alibisha hodi kwa mazoea tu, kisha akarudi garini, simu ikiendelea kurekodi.

Mashine ya kwanza ilitoa mvua, hodi yake, hatua zake, mlango wa gari.

"Sasa sikia hii." Muuzaji akazima taa.

Mvua ikaanza tena, kila tone likisikika peke yake. "Hodi hapa!" Kisha komeo likavutwa taratibu, kutoka ndani. Viatu vya Yoeli vikashuka ngazi. Nyuma yake ndala zikafuata, zikiburuzwa kwenye changarawe iliyolowa, bila haraka, mpaka garini.

Mlango wa gari ukafungwa. Halafu wa pili.