Duara Lililopinda

Bi Porfiria aliiona damu kwenye kitambaa kabla hajajua kwamba amejichoma. Sindano ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, na yeye hakuhisi kitu. Akaichomoa, akajipangusa kwenye aproni, akaendelea kushona.

Msimshangae. Tangu amzike binti yake Eustacia hakuwa amehisi chochote mahali popote. Homa ya dengi ilimmaliza yule binti kwa siku tatu. Mama hakulia kanisani, hakulia makaburini, na siku zote tisa za sala aligawa mikate ya chipa na kahawa kama mtu anayesaidia kwenye msiba wa jirani. Sisi wa mtaani tukasema ana roho ngumu. Midomo yetu hiyo.

Hapa Itauguá tunashona ñanduti, uzi mwembamba unaofumwa duara kwa duara juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Na mtu akifa, msalaba wa kaburi lake huvikwa kitambaa. Eustacia aliacha kimoja kwenye fremu, kimebakiza maduara mawili tu. Mama yake akaamua hicho ndicho atakachomvika Siku ya Marehemu. Tatizo lilikuwa duara la katikati. Kila duara husimama juu ya miale ya uzi, na Eustacia alikuwa ameruka mwale mmoja, duara likapinda upande.

"Siku ile watu hawaendi kuomba, wanaenda kukagua vitambaa," Bi Porfiria alimwambia Zunilda, binti mdogo aliyebaki. "Sitaki wamcheke mwanangu kaburini."

"Liache tu, mama. Dada alisema limependeza."

"Dada yako alikuwa hajui kitu."

Eustacia alitumia mkono wa kushoto, na tangu ana miaka saba mama yake alikuwa akifumua kazi yake na kuishona upya mbele ya macho yake. Basi akalifumua na hili. Akaongeza mwale, akazungusha uzi, duara likakaa sawa. Kusawazisha kitu kilichopinda kuna utamu wake, asiyeshona haujui. Hata katika ganzi ile, Bi Porfiria aliuonja kidogo.

Baada ya usingizi wa mchana alirudi kwenye fremu akakuta duara limepinda. Mwale haupo, na uzi umezungushwa kwa mkono wa kushoto.

Akadhani ni Zunilda. Akalifumua tena. Kesho yake mchana likapinda tena.

"Unanitania, wewe?"

"Mimi, mama? Mimi natumia mkono wa kulia," Zunilda akanong'ona. "Hata nikitaka siwezi kushona hivyo."

Alipolifumua mara ya tatu, ganzi ilitoka kidoleni ikashuka kwenye kiganja. Asubuhi alimimina maji ya moto ya chai yake ya majani juu ya mkono wake, akajua tu alipoona ngozi imekuwa nyekundu. Hilo nalo halikumtisha. Akakaa, akafumua mara ya nne.

Mchana huo hakulala. Kwetu saa saba mchana ndiyo saa ya kuogopwa, mji mzima umelala, hata mbwa, na mtoto hatolewi nje. Alijilaza na macho wazi, mlango wa chumba cha kazi ukiwa nusu wazi, na kwanza ikamjia harufu ya wanga wa muhogo wa kukazia vitambaa, wanga mbichi uliochacha, na hakuna aliyepika wanga nyumbani mle tangu msiba. Halafu akasikia tk, sindano ikipenya kitambaa kilichowambwa, na baada yake uzi ukivutwa taratibu, mrefu, kama mtu anavuta pumzi, kisha tk tena, na alipoinua kichwa akaona kiti cha Eustacia kimesogezwa upande wa kushoto wa fremu, mahali alipokuwa akikaa ili mkono wake usigongane na wa mama yake, na juu ya kiti hakuna mtu, ila sindano inapanda na kushuka yenyewe, bila haraka, ikiruka mwale ule ule mmoja, na wakati huo huo ganzi ikipanda mkononi mwake, kutoka kifundo hadi kiwiko, kwa mwendo ule ule wa sindano.

Zunilda alikwenda kumwita Bi Deolinda, muuza majani ya tereré, chai yetu ya baridi, pale sokoni. Huyo mama anatibu watu, na wengine wasio watu pia. Akaingia, akanusa, akakaa mbali na kile kiti.

"Umelifumua mara ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mara nne."

"Hizo ni baada ya kifo. Na kabla?"

Bi Porfiria akakitazama kile kiti.

"Ganzi imefika wapi?"

"Begani."

"Ikishuka moyoni, utamfuata. Huyu ni pora, dada, mzimu wa nyumbani. Mtu wako mwenyewe, na amekasirika. Sina jani la kumfukuza mtoto nyumbani kwao. Malizia yale mawili. Lile lake usiliguse. Lipake wanga, kausha, kata, kamvike."

"Watu watamcheka."

"Wamcheke. Au unataka wakuzike wewe?"

Maduara mawili yalimchukua siku sita. Alishona kwa macho tu. Kitambaa kikapakwa wanga, kikaanikwa juani, kikakauka. Akashika mkasi akate kitambaa cha chini, kazi ibaki wavu mtupu. Alipofika katikati, ncha ya mkasi ikaingia chini ya uzi wa lile duara, ikasimama. Mshono mmoja tu ukae sawa, akawaza, akauvuta kidogo.

"Mama," Zunilda akasema polepole, "mdomo wako umekuwa wa bluu."

Mkasi ukatoka, ukapita pembeni.

Siku ya Marehemu tulikwenda sote, na kweli tulikagua. Bi Casimira, ambaye hajawahi kuona kasoro akaimeza, akasogeza miwani. "Hili la katikati limekosewa. Fundi gani huyu?"

"Ni Eustacia," Bi Porfiria akajibu, huku akibana kitambaa msalabani kwa pini. "Kashona anavyotaka yeye. Usiliguse."

Pini ikamchoma. Akasema "Aa," akakitazama kidole chake, akakaa chini kwenye mchanga na kulia mpaka makaburini pakabaki patupu. Iliuma, na aliniambia mwenyewe, siku ile aliitamani ganzi irudi.

Mwezi ukapita. Zunilda akawamba fremu yake ya kwanza kubwa, akakaa barazani na mama yake. Duara la tatu likaanza kupinda. Bi Porfiria akavumilia, akavumilia, akashindwa.

"Lete nikusawazishie. Mara moja tu."

Akanyoosha mkono. Harufu ya wanga uliochacha ikaja kutoka kwenye kiti kitupu, na ncha ya kidole chake cha shahada ikafa ganzi.

"Nimekosea, mama?"

"Hapana. Endelea."

Akaikalia mikono yake mpaka Zunilda alipomaliza.