Kifundo cha Sikuzani

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, wanafunzi wa kijiji kipya cha ujamaa, njia ya kwenda mahali paitwapo Ulaya, wilayani Kilosa, walikimbia mchakamchaka. Sikuzani wa darasa la sita ndiye aliyetangulia mbele na kuanzisha nyimbo. Hakuna aliyempita.

Wakati wa masika alikanyaga shimo la panya, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Uvimbe ulipungua, lakini mguu haukurudi kuwa ule wa zamani. Ulipinda ovyo, hata kwenye njia tambarare. Ukipinda, Sikuzani alijifanya anatoa mwiba, kisha akakimbia tena huku ameuma meno.

Mwalimu Domina alimwona, akamtuma zahanati. Mganga, Bwana Yeremia, alimwambia asimame kwa mguu mmoja. Kwa wa kushoto alisimama imara. Kwa wa kulia aliyumba, akashika meza.

"Kano zinazoshika kifundo zimelegea," mganga alisema. "Na misuli yako inachelewa. Mguu ukianza kupinda, misuli inatakiwa iuvute mara moja. Yako inashtuka wakati umeshaanguka."

"Nitapona?"

"Ukifanya mazoezi. Simama hivi asubuhi na jioni, hata ukiyumba. Usikimbie wala usibebe mzigo mzito mpaka nikuone tena."

Sikuzani alijaribu siku chache. Wenzake wakamcheka, wakasema anatafuta sababu ya kukwepa kazi. Siku hizo mkwepa kazi aliitwa kupe, na neno hilo lilimchoma. Akaacha mazoezi. Mwalimu Domina alipouliza habari za zahanati, alijibu, "Mganga amesema nimepona, Mwalimu."

Kijiji kilikuwa kinajenga darasa jipya, na wanafunzi walitumwa kubeba nguzo kutoka msituni. Sikuzani alibeba moja na rafiki yake Fausta, yeye mbele, Fausta nyuma. Walipokuwa wakishuka korongoni, kifundo kikapinda. Sikuzani akaanguka na nguzo ikamponyoka begani. Fausta alijaribu kuizuia, mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya nguzo na jiwe.

Alipelekwa hospitali mjini Kilosa kwa lori. Aliporudi, vidole viwili havikuwepo.

Watu walisema Fausta ni mzembe, alikuwa akipiga soga badala ya kutazama njia. Hata mama yake alisema hivyo. Sikuzani alisikia, akaacha waseme. Mwishowe alimweleza Mwalimu Domina yote, wakaenda pamoja kwa akina Fausta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Fausta hakufanya uzembe. Mganga alinikataza kubeba mizigo. Nilidanganya."

Mama alimgeukia binti yake. Fausta alikuwa akijifunza kushika penseli kwa mkono wa kushoto. Hakuinua uso.

"Ungeniambia tu kwamba mguu ni mbovu," alisema. "Ningebeba na mwingine."

Sikuzani alirudia mazoezi, safari hii bila kujali nani anacheka. Mavuno yalipokwisha, aliweza kusimama kwa mguu wa kulia bila kuyumba, na Bwana Yeremia akamruhusu kukimbia. Lakini Fausta alikuwa amehama dawati lao, na hakurudi.

"Atanisamehe, Mwalimu?" Sikuzani aliuliza siku moja, wenzake walipokwisha kutoka.

Mwalimu Domina alifuta ubao kwanza.

"Sijui. Hilo ni lake, usimharakishe," alisema. "Mguu wako ulikuwa na dawa, mwanangu, na hukuwa na sababu ya kuuonea aibu. Vidole vya Fausta havioti tena. Ukishika kazi na mwenzako, mweleze ukweli wa nguvu zako, maana yeye anapima zake kwa neno lako."

Sikuzani aliitikia kwa kichwa, akachukua daftari zake, akatoka.