Kondoo wa Ramiro

Bodaboda ilikanyaga dimbwi karibu na geti la mpaka, Tunduma, ikamrushia Ferista tope kwenye gauni lake la njano.

"Pole, dada'angu," alisema abiria wa bodaboda hiyo, kijana mwenye shati jeupe, akishuka kumpa chupa yake ya maji anawe. "Naitwa Aliko. Napitisha mizigo ya malori hapa forodhani."

"Malori unayaweza, bodaboda zinakushinda?"

Wakacheka. Kufikia msimu wa kahawa, walikuwa wapenzi.

Jioni moja Aliko alimpelekea chipsi za moto kwenye duka la dawa za mifugo alikouza Ferista. Mlangoni akasikia sauti ya mwanaume ikitoka kwenye simu, laini, yenye lafudhi ya kigeni. "Rudia, polepole."

"Oveja... oveja... Jamani Ramiro, usinicheke!"

Aliko akageuka na chipsi zake. Usiku kucha hakupokea simu. Asubuhi Ferista akamfuata kwenye maegesho ya malori, kitenge kimefungwa ovyo.

"Mpenzi, mbona hupokei?"

"Si unaye Ramiro?"

"Ramiro ni mwalimu wangu wa Kihispania. Oveja ni kondoo."

"Kondoo! Unaniona mtoto?"

"Nimeomba kazi ya kutunza mifugo Hispania. Miaka miwili. Leo mchana wananihoji, niwatajie wanyama kwa lugha yao."

Aliko aliona afadhali angekuwa mwanaume mwingine. Huyo angegombana naye.

"Ungeniambia lini? Ukiwa kwenye ndege?"

"Niliogopa utanizuia." Machozi yalimlenga. "Na ukinizuia, Aliko, nitakwenda hivyo hivyo."

Aliko akayakunja makaratasi ya mzigo mkononi. Kisha akauliza kwa ukali, "Nguruwe?"

"Nini?"

"Si wanakuhoji? Nguruwe?"

"Cerdo."

"Bata?"

"Pato."

"Pato!" Hakutaka kucheka, kicheko kikamponyoka. "Farasi?"

"Caballo."

"Na mume?"

Ferista akainamisha uso. "Hatujafika huko. Bado tuko kwenye wanyama."

"Basi Jumamosi wazee wangu wanakuja Isongole kwa baba yako. Ukipata kazi, nenda. Ila urudi kwangu."

"Na ukichoka kunisubiri?"

"Nitachoka, nitakupigia simu, nitalalamika. Lakini nitakusubiri."

Dereva mmoja akapiga honi, wampishe njia. Ferista hakusogea. Alimtazama Aliko usoni, akitafuta hasira ya mwanzo, asiione.

"Waje," alisema.